Kompyuta Yenye Kigugumizi Haitibiwi kwa Kubahatisha

Siku hizi, ndugu wasomaji, imezuka tabia ambayo naona haifai kunyamaziwa. Kompyuta ikianza kwenda polepole, au gemu ikianza kukatakata kama usemi wa mtu mwenye kigugumizi, mwenyewe hana swali ila moja tu: prosesa mpya ni bei gani? Hali hii nimeiona Mombasa na Malindi, na mwaka huu nimeikuta hata Mautuma, huko Lugari katika Kaunti ya Kakamega. Maoni yangu ni kwamba tabia hii inawafukarisha vijana wetu na kuwaharibia mafundi waaminifu jina lao.

Kwanza tufahamu jambo moja. Prosesa ndiyo bongo la kompyuta, na bongo hilo likifanya kazi nyingi hupata moto. Watengenezaji wameliwekea mpaka, na kwa prosesa nyingi za leo mpaka huo ni kiasi cha nyuzi 95 au 100. Joto likifika hapo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kinga ya namna hiyo ilikuwamo katika Pentium 4 ya kampuni ya Intel, iliyotoka mwaka 2000. Kwa hiyo ule uzito tunaoulaani mara nyingi ni mashine inayojihami. Ni mfano wa hamali aliyebebeshwa gunia mchana wa jua la kaskazi: akipunguza mwendo hatumwambii amekwisha, twampa kivuli na maji.

Ama Mautuma si mahali pa joto kama kwetu. Ni nchi ya juu, yenye ubaridi wake, na mashamba yake ya mahindi yamo katika eneo lililokuwa la walowezi, ambalo wananchi waligawiwa miaka ya 1960. Rafiki yangu wa huko ana vijana wawili waliofungua chumba cha gemu karibu na soko. Wana kompyuta tatu za mitumba, na watoto hulipa shilingi 20 kucheza mechi moja ya mpira. Kwa fedha hiyo hulipwa umeme, na ikibaki huongezwa kwenye karo ya dada yao. Nilipofika nilikuta chumba kimepooza. "Mzee, mashine zimechoka," kijana mkubwa aliniambia. Fundi mmoja wa mjini alikwisha wapa shauri la kubadilisha prosesa zote tatu, na kila moja kwa bei inayokaribia magunia 4 ya mahindi. Hakuzifungua. Hakuzipima. Alizitazama tu, akataja bei.

Nikawaomba vijana tuketi tupime kabla ya kutoa hata senti moja. Kompyuta yenye Windows ina ukurasa wake wa kuonyesha kasi ya prosesa na kazi zinazoendelea. Hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Joto nalo huonekana kwa programu ya bure kama HWiNFO. La muhimu ni kuyatazama mambo haya mawili, kasi na joto, wakati gemu yenyewe inachezwa, wala si wakati mashine imepumzika. Tabibu hampimi mtu mbio akiwa amelala.

Kompyuta ya kwanza ilianza vizuri kwa gigahetsi 3.6. Baada ya dakika chache joto likapanda mpaka karibu nyuzi 100, na papo hapo kasi ikaporomoka. Tukaizima, tukachomoa waya wa umeme, tukaifungua. Chuma cha kupoza joto kilikuwa kimezibwa na vumbi la barabara na makapi ya mahindi, kwani chumba kile kimepakana na ghala la kupukuchulia. Na ule uji wa kijivu unaopakwa baina ya prosesa na chuma chake, ambao mafundi huuita pesti, ulikuwa umekauka mithili ya udongo wa kiangazi. Tukasafisha kwa brashi laini, huku feni imeshikwa isizunguke, tukafuta pesti ya zamani na kupaka mpya kidogo tu, kadiri ya punje ya kunde. Ilipowashwa tena joto halikupita nyuzi 75, na mpira ukachezwa bila ya kusita.

Basi mwenye haraka angesema: tumejua dawa, tukazisafishe na hizo mbili. Lakini ya pili haikuwa na joto hata kidogo, na kasi yake haikushuka. Ilikuwa na kijiti kimoja cha ramu cha gigabaiti 4, na juu yake programu chungu nzima zilizojiwasha zenyewe, kila moja ikidai sehemu yake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ramu ilipojaa, kompyuta ilikuwa ikihamishia mizigo kwenye diski ya kuzunguka, ambayo ni nzito mno kwa kazi hiyo, na hapo ndipo gemu ilipokuwa ikigota. Tuliziondoa programu zisizohitajika na hali ikapata nafuu. Iliyobaki ni kuongeza kijiti cha pili cha ramu, kitu cha bei ndogo kuliko prosesa.

Ya tatu ilikuwa kompyuta ya mkononi. Yenyewe ilikuwa nzito tangu inapowashwa, baridi kama maji ya mtungi. Chaja yake ya asili ilikuwa imepotea, na ile iliyonunuliwa badala yake haikuwa na nguvu ya kutosha. Ziko kompyuta ambazo zisipoitambua chaja hujishusha kasi makusudi. Tulipoazima chaja inayofaa kwa mwalimu wa jirani, ikaamka.

Tazameni, waungwana: dalili moja, maradhi matatu, na hakuna hata moja ambalo prosesa mpya ingeliponya. Tena upo uwezekano wa nne. Ikiwa prosesa ina nafasi lakini kadi ya picha imeelemewa, kosa liko kwenye kadi, na dawa ya kwanza ni kupunguza ubora wa picha ndani ya gemu, jambo lisilogharimu chochote.

Najua wako watakaosema barazani kwamba huku ni kupoteza karatasi ya gazeti kwa mambo ya watoto. Mimi siwapingi wanaotaka gemu iwe na kiasi, na wakati wa sala na wa masomo uheshimiwe. Lakini hapa swali ni la mali na amana. Mzazi anayeuza mahindi au samaki kununua kifaa kisichohitajika amefanyiwa israfu kwa ulimi wa mwingine. Na sisi wa pwani ndio tunaopaswa kusikia zaidi, maana joto letu ni kubwa na hewa yetu ina chumvi inayokula vyuma. Mashine iliyosongwa ukutani katika chumba kisicho na dirisha, hapa Mji wa Kale, itaelemewa upesi kuliko ya Mautuma.

Kwa hiyo nashauri hivi. Fundi asitaje bei kabla ya kupima, na mteja asione haya kumwambia, "Bwana fundi, nionyeshe." Kila badiliko lifanywe peke yake, kisha mashine ipimwe tena, ili ijulikane ni lipi lililosaidia. Na vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe vijana kuuliza chanzo kabla ya kuwafundisha kufungua misumari. Anayeziba ufa hahitaji kujenga ukuta, na brashi ya kuondolea vumbi bado ni rahisi kuliko prosesa.