*TAMKO LA TAWI: RUZUKU YA GARI LA UMEME IMFUATE DEREVA, SI MWENYE KADI YA GARI*

Ndugu wanachama wa tawi letu hapa Marekani,



Kamati ya tawi imepokea maswali mengi kuhusu magari ya umeme ya kukodi kwa mkataba, haya tunayoyaita magari ya lisi. Wapo wanaouliza kwa nini jirani aliyenunua alipata nafuu na wao waliokodi wakaambiwa haiwahusu. Wapo waliokataliwa na jimbo kwa sababu mkataba wao ni wa miezi michache. Wapo wanaotaka kujua zile dola 7,500 zilizotangazwa kila mahali ziliishia mfukoni mwa nani.

Tumeona tusijibu mmoja mmoja. Jibu ni la wote, na lina siasa ndani yake. Msimamo wetu ni huu: *fedha ya umma ilipewa mwenye hati ya gari, wakati malipo, maili na hasara za gari hilo anabeba dereva.* Tunaupinga utaratibu huo hapa tulipo, na hatutaki uigwe nyumbani.

*1. SHERIA ILIVYOANDIKWA*

Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyotoa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme. Mnunuzi wa kawaida aliwekewa vizingiti. Kipato kisizidi dola 150,000 kwa asiye na ndoa, au dola 300,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu ya kodi pamoja. Bei ya gari dogo isizidi dola 55,000. Ya SUV, pikapu au van isizidi dola 80,000. Gari liwe limeunganishwa Amerika ya Kaskazini. Baadaye yakaongezwa masharti ya betri na madini yake.

Gari la lisi lilipita mlango mwingine kabisa. Mbele ya sheria, aliyenunua gari hilo ni kampuni inayokodisha. Wewe unayelipa kila mwezi ni mpangaji tu. Kwa hiyo nafuu yake iliwekwa chini ya kifungu cha magari ya biashara, na mwishoni mwa Desemba 2022 mamlaka ya kodi, IRS, ikathibitisha hivyo kwa maandishi.

Sasa sikilizeni kifungu hicho kilivyokuwa. Hakikuwa na kikomo cha kipato. Hakikuwa na kikomo cha bei. Hakikuuliza gari limeunganishwa wapi. Na hakikuilazimisha kampuni kumpa mkodi hata senti moja.

Ndiyo maana mwanachama aliyekodi alipokwenda kudai aliambiwa hastahili. Hakukosea fomu. Mwombaji hakuwa yeye.

*2. FADHILA SI HAKI*

Wapo watakaotujibu kwamba kampuni nyingi zilishusha malipo ya mwezi na wakodi wakafaidika. Ni kweli. Ushindani ulizibana, na kuna wanachama wetu waliopata gari zuri kwa malipo nafuu. Hatuwaonei wivu.

Lakini kilichotolewa kwa hiari kinaweza kukatwa kwa hiari. Fanyeni hesabu wenyewe. Dola 7,500 zikigawanywa kwa mkataba wa miezi 36 ni kama dola 208 kila mwezi. Kama bei yako haikupungua kwa kiasi hicho, sehemu ya ruzuku ilibaki juu. Na kama muuzaji alikuambia amekupunguzia dola 3,000 kwa moyo mweupe, alikuwa na uwezo wa kukugawia sehemu ya fedha ya walipa kodi na kupokea shukrani zako kwa hilo.

Tazameni pia upande wa pili. Mfanyakazi mwenye kipato kidogo aliyenunua gari la umeme lililotumika aliruhusiwa nafuu ya juu ya dola 4,000 tu. Bei ya gari isizidi dola 25,000, anunue kwa muuzaji mwenye leseni, na kipato chake kisizidi dola 75,000 kama hana ndoa. Wakati huohuo gari la kifahari lililozidi kabisa vikomo vya bei liliweza kupata nafuu nzima ya dola 7,500, mradi limeandikwa kwamba limekodishwa. Mnyonge alipekuliwa mlangoni. Tajiri alifunguliwa geti la nyuma.

*3. MIEZI 36, MIEZI 30, MIEZI 24*

Ukitoka serikali kuu ukaenda kwenye majimbo, huko mkodi alitambuliwa kama mwombaji. Hilo tunalipongeza. Lakini kila jimbo lilikuja na rula yake. Massachusetts ilitaka mkataba usiopungua miezi 36. California, kabla haijafunga mpango wake kwa maombi mapya Novemba 2023, ilitaka miezi 30. Colorado ilitaka miaka miwili.

Gari ni lilelile. Moshi uliozuiwa kwa kila maili ni uleule. Mwenye mkataba wa miezi 24 akiwa Colorado anastahili, akihamia Massachusetts hana chake.

Na anayekodi kwa wiki je? Ndugu zetu wengi wanaobeba abiria kupitia programu za simu hawana historia ya mkopo ya kupewa mkataba wa miaka mitatu. Wanakodi kwa juma, wanalipa bei ya juu kuliko wote, na hakuna rula hata moja kati ya hizo inayowafikia. Mwenye uhitaji mkubwa ndiye aliye mbali zaidi na msaada.

Msituambie haiwezekani kufanya vingine. Ujerumani ilipokuwa ikitoa ruzuku yake, aliyeomba ni yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, hata kama gari ni la kukodi. Mkataba wa miezi 12 hadi 23 ulipata nusu ya ruzuku, na uliozidi miezi 23 ukapata yote. Haukuwa mpango mkamilifu: ulifungwa ghafla Desemba 2023, na walioagiza gari wakiwa bado wanalisubiri wakaachwa mikono mitupu. Lakini ulionyesha kwamba ruzuku inaweza kupimwa kwa muda wa mkataba bila kumfungia mtu mlango.

*4. UNALAZIMISHWA KUBADILI, KISHA UNAAMBIWA HUSTAHILI*

Hili ndilo linalotukera zaidi. California imepitisha kanuni kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya maili za huduma za kubeba abiria kwa programu ziwe za magari ya umeme. Jiji la New York limeamua kwamba ifikapo mwaka huohuo safari zote za kampuni hizo kubwa ziende kwa magari yasiyotoa moshi au yanayobeba viti vya magurudumu.

Hatupingi hewa safi. Watoto wetu wanaishi kandokando ya barabara hizo. Tunachouliza ni nani anayelipa. Kanuni zimeandikwa kwa kampuni, lakini anayetafuta gari jipya ni dereva. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Akienda kwenye lisi, dereva anakutana na kikomo cha maili, mara nyingi 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Anayeendesha maili 800 kwa wiki anamaliza 10,000 ndani ya majuma 13. Kila maili ya ziada inalipiwa. Na si michache mikataba inayokataza kubeba abiria kwa malipo.

Sheria ya kumlinda mkodi ipo tangu 1976. Inalazimisha mkataba uonyeshe bei ya gari, kiasi kilichopunguzwa pamoja na punguzo lolote, na gharama ya kuvunja mkataba mapema. Lakini inahusu matumizi binafsi na mikataba inayozidi miezi minne. Anayekodi kwa wiki ili afanye kazi yuko nje ya kinga hiyo. Kwa hiyo mtu yuleyule amekosa ruzuku, na amekosa hata haki ya kuonyeshwa hesabu.

*5. "MJADALA UMEKWISHA"*

Tutaambiwa tunapigia kelele maiti. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyofuta nafuu hizi zote tatu, ya gari jipya, la zamani na la biashara, kwa magari yatakayopatikana baada ya tarehe 30 Septemba 2025.

Tunajibu: mjadala haujaisha, kwa sababu tatu. Kwanza, mikataba iliyosainiwa kabla ya tarehe hiyo bado inalipwa leo na wanachama wetu. Pili, majimbo yana uwezo wa kutunga mipango yake, na baadhi wanayo. Tatu, nafuu ilikuwa rahisi kufutwa kwa sababu haikuwa na mwenyewe. Laiti kila mkodi angeona jina lake na kiasi chake kwenye karatasi, wangejitokeza mamilioni kuitetea. Waliokuwa wakipokea ni kampuni, na kampuni huhamia kwenye biashara nyingine.

*6. NYUMBANI TUSIJE TUKARUDIA*

Msidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Umeme umeshafika kwenye bodaboda na bajaji. Kenya, jirani zetu, kwa Sheria ya Fedha ya 2023 waliweka pikipiki za umeme kwenye kiwango sifuri cha VAT. Ni hatua nzuri. Lakini msamaha wa kodi hutua kwanza kwa anayeingiza na anayeuza. Kijana anayeendesha chombo cha mtu na kupeleka hesabu kila jioni atauona tu kama hesabu imeshuka.

Sote tunajua bodaboda ya mkataba ilivyo. Kijana analipa hesabu mwaka na zaidi ili mwisho apewe kadi. Akichelewa siku chache, chombo kinachukuliwa na yote aliyolipa yamepotea. Serikali ikimpa bosi msamaha wa kodi bila kuuliza hesabu ya kijana imeshuka kiasi gani, itakuwa imechangia mtaji wa bosi kwa jina la mazingira. Lisi ya hapa ni kali zaidi upande mmoja: ukimaliza kulipa unarudisha ufunguo, labda ununue gari kwa bei ya mwisho iliyoandikwa.

Chama kinachojiita cha wavujajasho hakina budi kulisema hili mapema, kabla kanuni hazijaandikwa.

*7. MSIMAMO NA MADAI YETU*

Kwa hayo yote, tawi linadai kwamba ruzuku yoyote ya chombo cha umeme, hapa au nyumbani:

✅ Itolewe kwa jina la anayeendesha na kulipa, awe amenunua au amekodi.
✅ Ioneshwe kwenye mkataba kwa mstari wake wenyewe, kwa tarakimu, ikitenganishwa na punguzo la muuzaji.
✅ Ipimwe kwa muda wa mkataba. Wa miezi 12 apate sehemu yake, na anayekodi kwa wiki apate punguzo kwenye malipo ya wiki.
✅ Iwe na kikomo cha kipato na cha bei kwa wote, bila geti la nyuma.
✅ Ikifutwa, aliyekwisha kusaini alindwe.

*8. WITO KWA WANACHAMA*

Kwanza, mwenye mkataba wa lisi autafute na ausome. Angalia bei iliyokubaliwa, angalia kiasi kilichopunguzwa, uliza kwa maandishi kama nafuu ya serikali imo na ni kiasi gani. Jibu la mdomo halitoshi.

Pili, anayetaka kukodi sasa asisaini kabla hajasoma masharti ya jimbo lake: miezi mingapi, bei ya juu, siku ya mwisho ya kuomba, na kama fedha bado zipo. Mwezi mmoja pungufu kwenye mkataba unaweza kukunyima yote.

Tatu, tuwaandikie wawakilishi wa majimbo yetu. Wenye uraia wa hapa wana kura. Wasio nao wana kalamu, na wanalipa kodi kama wengine.

Nne, tamko hili litapelekwa makao makuu ya chama nyumbani liwe hoja yetu kuhusu bodaboda na bajaji za umeme. Mwenye nyongeza ailete kwa katibu kabla ya kikao kijacho cha tawi.

Ndugu wanachama, anayeamka saa kumi alfajiri kuchaji gari ili awahi abiria wa uwanja wa ndege ndiye anayeleta hiyo hewa safi wanayojivunia. Ruzuku ni yake. Tuidai kwa jina lake.

Tusambaze ujumbe huu kwa kila mwanachama.

*Imetolewa na Kamati ya Uenezi ya Tawi*