Lugha Ilitangulia Mpaka

Ndugu walimu, kuna kauli inayovuma Tororo na Busia ya upande wa Uganda, hata miongoni mwetu: ati Kiswahili ni lugha ya Wakenya, iliyovushwa mto na askari. Kauli hiyo haina msingi, na mwalimu anayeikariri darasani anawadhulumu wanafunzi wake.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mito ya Sio na Malaba, ambamo sehemu ya mpaka wa leo inapita, haikutenga nchi mbili hapo kale. Wasamia na Wateso walikaa kingo zote, na hata leo wanakaa. Waingereza walipoanza kutawala, Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hadi Naivasha. Mumias ilikuwa Uganda. Kisumu nayo ilikuwa Uganda reli ilipoifikia Desemba 1901. Ilipofika tarehe 1 Aprili 1902, jimbo hilo likakatwa kwa kalamu na kutiwa katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Wenyeji wa kingo hizo hawakuulizwa.

Sasa tuitazame lugha. Joseph Thomson alifika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, karibu na Mto Nzoia, mwaka 1883. Wapagazi wake walitoka pwani, na misafara ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuijua njia ya huko. Basi Kiswahili kilisikika katika nchi hii miaka 19 kabla ya mpaka. Kitaitwaje mgeni?

Watatujibu kwamba askari walikitumia kutesa watu. Ni kweli, na machungu ya miaka ya 1970 hayafai kubezwa. Lakini kosa la msemaji si kosa la lugha. Kiganda nacho kilienezwa Bukedi na mawakala wa Semei Kakungulu, wenye bunduki mkononi, wala hatudai kifukuzwe.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yatabaki karatasini iwapo mwalimu mwenyewe ataingia darasani akikionea haya anachofundisha. Mkataa kwao mtumwa. Kabla ya kufundisha ngeli, tuwafundishe watoto wa Tororo na Busia kwamba lugha hii ilipita kwao wakati mto ungali mto tu.