Titani imekwisha Kwale, safari ya mgonjwa wa Taru ingalipo

TANGU 2013 hadi Desemba 2024, mchanga wa Maumba na Nguluku, kusini mwa Kaunti ya Kwale, ulichekechwa ili kupata madini ya titani, yakasafirishwa ng'ambo kupitia Likoni. Ni wachache waliofahamu kwamba metali hiyo hiyo iliwahi kujaribiwa kuwa dawa ya saratani.

Mwaka 1979 watafiti wa Ujerumani walibaini kuwa mchanganyiko wa titani uitwao titanosini ulizuia uvimbe katika panya. Baadaye ulijaribiwa kwa wagonjwa, lakini matokeo yakavunja moyo. Mchanganyiko huo huvunjika upesi ndani ya maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji.

Iliyofaulu ni platini. Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alipitisha umeme kwenye bakteria kwa vijiti vya platini. Bakteria wakarefuka pasipo kugawanyika. Umeme wenyewe haukuwa na hatia. Kilichowazuia ni platini iliyomeguka kutoka kwa vijiti hivyo. Ndipo ikapatikana sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani 1978.

Katika dawa hii, platini hushika klorini mbili zilizo jirani. Ikiingia katika seli, klorini huachia, nayo platini hujibandika kwenye DNA na kuizuia seli kuzaana. Klorini hizo zikiwekwa pande zinazokabiliana, dawa hupoteza makali, ijapokuwa viambato ni vile vile. Anayeuza mchanga ghafi, basi, hajauza dawa.

Kwa mwanamke wa Taru mwenye saratani ya mlango wa kizazi, sisplatini aghalabu hutolewa kila wiki sambamba na mionzi ya takriban wiki tano. Dawa hiyo huumiza figo, kwa hivyo hupimwa damu na kutiwa maji mengi kwa dripu. Hayo hayafanyiki Taru. Barabara kuu ya Mombasa ipo, ila nauli na malazi ya wiki tano ni mzigo wa familia inayotegemea mifugo katika ukame wa Kinango.

Wanaodai kiwanda cha dawa Kwale wanajidanganya. Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii za machimboni asilimia 10. Taru haina machimbo ya titani, hivyo tegemeo lake ni fungu la kaunti, na madiwani wa Kinango ndio wanaopaswa kuuliza ni kiasi gani kilichowahi kugharimia nauli ya mgonjwa.