Daftari la Serikali na Usalama wa Mwenye Ulemavu

Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, nchini Australia, kila mwenye kuendesha nyumba ambamo watu wenye ulemavu wanaishi wakisaidiwa usiku na mchana, na kila kampuni inayowakutanisha wahitaji na wahudumu kwa njia ya intaneti, itamlazimu awe ameandikishwa katika daftari la serikali, na akikosa hana ruhusa ya kulipwa kutoka katika mfuko wa umma. Wako wanaoipokea amri hii kama ngao iliyochelewa kuja, na wako wanaoiona kuwa ni mzigo utakaowavunja watoa huduma wadogo na kuwapokonya wenye ulemavu hiari waliyoipigania miaka mingi. Mimi naona kwamba amri yenyewe ni ya haki, lakini usalama unaotarajiwa kutoka kwayo hautapatikana kwa kuandikisha majina peke yake.

Ili jambo hili lifahamike hapana budi kurejea asili yake. Sheria iliyoanzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu ilipitishwa mwaka 2013, katika serikali ya Julia Gillard, na msingi wake ulikuwa ni kuigeuza kabisa kawaida ya zamani: badala ya fedha kupewa mashirika, nayo yakaamua nani atasaidiwa na kwa saa ngapi, kila mtu anayestahiki akadiriwe haja zake na apewe fungu lake, kisha yeye mwenyewe achague atakayemwogesha, atakayempeleka sokoni na atakayemfundisha kutembea. Leo wanaohudumiwa wamepita 600,000. Ambao fungu lao linasimamiwa na wakala wa serikali hawaruhusiwi kumwajiri ila aliyesajiliwa. Lakini wanaosimamia fungu lao wenyewe, au kwa msaada wa msimamizi wa hesabu, waliachiwa wamchukue wamtakaye, na kwa sababu hiyo watoa huduma wasiosajiliwa wameongezeka hata wakawazidi waliosajiliwa kwa mbali sana.

Tofauti baina ya makundi haya mawili si ndogo. Kanuni za mwenendo mwema zinawafunga wote, na mtu yeyote aweza kupeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Ubora na Ulinzi, iliyoanza kazi mwaka 2018. Bali aliyesajiliwa anapaswa, fauka ya hayo, kukaguliwa, kuhakikisha kwamba wahudumu wake wanaokaa karibu na wahitaji wamechunguzwa sifa zao, na kuiarifu Tume kila litokeapo jeraha kubwa, dhuluma au kifo. Asiyesajiliwa halazimiki kuarifu, na kwa hivyo yanayotendeka chini ya paa lake yaweza kufichika mpaka ajitokeze wa kusema, na kumbe mara nyingi mwenye kutendewa ndiye asiyeweza kusema. Basi kuhusu nyumba zile za makazi, ambamo mhudumu ndiye mwenye funguo, ndiye mpishi, na ndiye anayejua nani ameingia na nani ametoka, sioni hoja yoyote ya kutetea kuziacha nje ya daftari.

Hata hivyo, tusidhani kwamba daftari ni kinga. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, katika mji wa Adelaide, alifariki mwanamke wa miaka 54, Ann-Marie Smith, aliyekuwa na mtindio wa ubongo, na ikabainika kwamba kwa muda uliozidi mwaka mmoja alikuwa akiketi na kulala juu ya kiti kimoja cha henzirani, mwili umeota vidonda na chakula ni haba, hali hazina ya umma ikilipia saa za kumhudumia kila siku. Mhudumu wake alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia. Kampuni iliyomtuma ilikuwa imesajiliwa. Alan Robertson, jaji mstaafu aliyepewa kazi ya kulichunguza jambo hilo, alishauri kwamba mtu aliye katika hatari asiachwe mikononi mwa mhudumu mmoja tu nyumbani kwake. Na ushauri huo, kwa maoni yangu, una thamani kuliko kurasa nyingi za masharti ya ukaguzi, maana unaelekeza macho kwa mtu mwenyewe, wala si kwa majalada ya kampuni.

Ripoti zilizofuata zilikuwa nzito. Tume ya Kifalme iliyochunguza dhuluma dhidi ya watu wenye ulemavu ilitoa mapendekezo 222 mwezi wa Septemba 2023, na mwezi wa Disemba jopo la Bruce Bonyhady na Lisa Paul, lililoupitia Mpango wenyewe, likashauri kwamba watoa huduma wote waandikishwe kwa daraja, masharti yakiwa mazito kadiri hatari inavyozidi. Hapo wengi katika wenye ulemavu waliingiwa na hofu, wakasema kwamba mhudumu waliyemchagua na kumfundisha wenyewe, aliye jirani au rafiki, ataikimbia kazi akikutana na taratibu zile. Kikosi kazi cha kulitazama suala hilo la usajili, kilichoongozwa na Natalie Wade, mwanasheria ambaye mwenyewe ana ulemavu, kiliwasikiliza, na mwaka 2024 kikapendekeza daraja mahususi kwa wanaojiendeshea huduma zao. Huo ndio uadilifu, kwani mtu mzima mwenye akili timamu hafai kulindwa kwa kunyang'anywa mamlaka juu ya mwili wake.

Limebaki suala la gharama, ambalo aghalabu hupitwa upesi. Anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi, na bei ya juu ya huduma imewekwa na serikali, tena kwa jumla haimtofautishi aliyesajiliwa na asiyesajiliwa. Kwa hiyo mwenye kufuata sheria hubeba taklifu asiyoweza kuifidia, ilhali shirika kubwa hugawanya gharama ile juu ya wateja wake wengi bila kuihisi. Katika vijiji vya mbali vya wenyeji wa asili, ambako pengine yuko mtoa huduma mmoja tu, akifunga mlango huyo hakuna wa kumrithi. Serikali iliyoamuru ukaguzi kwa maslahi ya umma yapaswa kuulipia kwa fedha za umma, walau kwa wadogo na kwa walioko mbali.

Katika wanaofanya kazi hii wamo Waswahili wenzetu, wakimbizi wa jana kutoka Kongo na Burundi, ambao huwaosha na kuwalisha watu wasio jamaa zao. Kwao nina neno moja: someni masharti mapya kabla ya kusaini mkataba, daini mafunzo mnayostahiki, na mkiona mtu anadhulumiwa, hata na mwajiri wenu, ipelekeeni Tume ya Ubora na Ulinzi habari siku hiyo hiyo. Na kwa wenye kutunga sheria, nasihi yangu ni kwamba kila senti itakayotumika kutunza daftari ipatiwe mwenzake wa kumlipa mkaguzi atakayebisha hodi bila taarifa, akazungumza na anayehudumiwa pasipo mhudumu kusikia.