Bakhshishi na Ada ya Huduma

Kijana mmoja wa Bariadi ametuuliza: akila hotelini akamwachia mtumishi chenji, je, hiyo ni sadaka, ujira au rushwa?

Twamjibu: ni hiba. Ukisha kulipa bei ya wali na nyama, mapatano yako na mwenye hoteli yamekwisha. Kizidicho watoa kwa ridhaa yako. Haiwi rushwa ila ukikusudia upewe haki ya mwenzio. Na kuirusha mezani kwa majivuno, kama tulivyowaona vijana msimu wa pamba, kwaiharibu hiba yenyewe.

Ada ya huduma ni jambo jingine. Bariadi ni nadra, lakini katika hoteli za watalii waendao Serengeti huenda ukaikuta imekwisha kuongezwa katika hesabu. Si kodi ya Serikali kama VAT. Ni bei, na bei hapana budi itajwe kabla ya kula.

Wala hatuoni haki mwenye hoteli kupunguza mshahara kwa kutegemea mikono ya wateja. Pamba isipouzwa mifuko hukauka, na binti aliyesimama jikoni tangu alfajiri hana la kupeleka nyumbani. Mtume (S.A.W.) alituagiza kuwa mtumishi atuleteaye chakula, ikiwa hatumkalishi nasi, apewe walau tonge moja au mawili, kwani ndiye aliyevumilia moto wake. Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria yamlazimu mwajiri awape watumishi ada hizo zote bila ya kukata. Basi ukiiona katika hesabu yako, muulize mtumishi kwa sauti ya chini kama humfikia. Asipoipata, mpe kitu mkononi mwake.