Ukuta murefu hauzimi moto



Kila mara unatuma makuta kwa telefone, habari yake inapita mu nyumba fulani ambayo wewe hauwezi kuingia. Wanaiita centre de données. Ni nyumba imejaa mashini za kuchunga habari: za banque, za hospitali, za État. Inje wanaichunga kama vile kwetu wanachunga depo ya baruti: ukuta, ba garde, caméra kila kona, badge ku mulango wa kwanza, tena badge ku wa pili. Ndani, watu ni kidogo. Wakati wa kujenga wanaandika kazi watu mingi; kisha wanabakiza paka walinzi, watu wa umeme na watu wa kupoza mashini, poste ya muchana na poste ya usiku.

Sasa tuangalie mambo yaliyotokea Korea ya Kusini.

Tarehe 26 septembre 2025, magaribi, moto uliwaka mu kituo cha serikali, mu muji wa Daejeon. Hakukuwa mwizi. Hakuna mutu aliruka ukuta. Wafanyakazi walikuwa wanahamisha batri kubwa za lithium, zile zinashika mashini wakati courant inakatika. Walitaka kuzitosha karibu na mashini na kuzipeleka chini, juu ya kuepuka hatari. Batri moja ikawaka, moto ukashika zingine, zaidi ya 380, na kuuzima kukachukua karibu saa 22. Mufanyakazi mumoja aliungua. Programu 709 za serikali zilisimama. Makaratasi ya wafanyakazi wa État, yaliyowekwa pale bila kopi ingine, yakapotea.

Mu novembre polisi ikasema iliona nini. Courant ya upande wa batri haikukatwa mbele ya kuzigusa. Tena, kampuni zilizopata soko ziliipitisha kwa kampuni ingine, na kwa kazi ya umeme sheria yao inakataza vile.

Hapa njo pananigusa. Badge inauliza jina lako. Haiulize nani alikufundisha hii kazi, wala nani anakulipa, wala kama umefunga courant na cadenas. Wote wale walipita ku mulango muzuri. Hatari iliingia pamoja na kontra.

Na sisi? Mu mine ingine nilikuta kijana wa sous-traitant anabadirisha câble, cadenas hana. Nikamuuliza, akaniambia: « Papa, cadenas ni ya ba engagés. » Ku barrière walimupekua mara mbili, mifuko na viatu. Kwa cadenas, hakuna mutu alimuuliza.

Sisemi sous-traitance yote ni mubaya. Sheria ya 8 février 2017 iliiwekea Wakongomani, na watoto wetu mingi wanakula juu yake. Lakini sheria ile ile inakataza kupitisha zaidi ya 40% ya bei ya soko. Mwenye soko hawezi kutupa kazi yote kwa mwingine, kisha siku ya ajali aseme: « Ule si mutu wangu. »

Kobalti tunayotosha hapa Lualaba inaingia mu batri mingi za lithium. Batri hizo zitarudi kwetu, mu magari na mu ba dépôt za mine. Kwa hiyo, ba délégués, mu kikao kinachokuja cha comité ya usalama na usafi, muulize mambo matatu: Nani amefundishwa kugusa batri? Cadenas ni ngapi, na za sous-traitants ziko wapi? Mutu wa sous-traitant akiumia, nani anamupeleka hospitali na nani analipa?

Muandike majibu mu procès-verbal, na mukubwa atie sinyatire. Neno la kinywa halitasaidia mujane.