Mgongo Nao Ni Mtaji wa Shamba

Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi, tuongee kuhusu mgongo.

Kijana analima mananasi kibiashara. Hesabu ya miche anayo, ya vibarua anayo, pampu ya maji anaifanyia sevisi. Lakini kiuno kikiuma anapita duka la dawa, anameza diklofenaki, anarudi kuinama. Kesho tena, mwezi mzima. Hapo hujatibu kitu, umenyamazisha maumivu ili uendelee kujiumiza. Na dawa hizi zikimezwa mfululizo bila ushauri zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo.

Mimi nasema turudi kwenye tiba zisizo za vidonge. Si ushamba. Wenzetu wa Uganda wanaenda Kitagata, wilaya ya Sheema, kukaa kwenye chemchemi ya maji moto kwa ajili ya viungo. Chemchemi moja wameipa jina Mulago, kama ile hospitali kubwa ya Kampala! Ulaya nako watu wanalipia huduma za namna hiyo. Ila huna haja ya nauli. Joto ndilo linalolegeza misuli iliyokaza, na joto hata sufuria ya nyumbani inalo.

Chovya taulo kwenye maji ya moto, kamua, jaribu kwanza kwa mkono usije ukaungua, weka kiunoni dakika 15 hadi 20. Kisha mtu akuchue taratibu kwa mafuta. Kama umeteguka leo na pamevimba, usikande wala kuchua. Weka kitu cha baridi kwa siku mbili za mwanzo. Na usidanganyike kwenda kujiloweka ziwani, kichocho kinakusubiri.

Kubwa kuliko yote ni kuutumia mwili. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno: mazoezi yamo, kuchua kumo. Mikanda ya kiuno ile mnayonunua gulioni haikupendekezwa kama tiba ya kawaida. Kwa hiyo tembea, nyoosha mgongo asubuhi na jioni, usilale kitandani siku nne eti unapumzisha kiuno.

Lakini hata ukikandwa kila jioni, asubuhi ukirudi kubeba lumbesa ni kazi bure. Weka jembe mpini mrefu. Pampu ya mgongoni ya lita 16 ikijaa ina zaidi ya kilo 16, basi jaza nusu. Nunua toroli, au changieni watu watatu. Kupanda kwa kuinama kuwe kwa zamu, si mtu mmoja kutwa nzima.

Ukiona mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, mkojo unakutoka bila kujua, una homa, au kiungo kimevimba na kina joto, acha taulo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pampu ikifa, fundi yupo. Mgongo hauna spea dukani. Kwenye bajeti ya msimu ujao, toroli liandikwe kabla ya dawa za maumivu.